Kuzuru Pemba kwa hesabu ya maji: magofu, misitu na kisiwa cha Misali

Wengi wanaotoka Unguja au bara kwenda kuitembea Pemba hupanga safari kwa ramani: leo kusini, kesho Chake, keshokutwa Konde. Kwenye karatasi inapendeza. Kisha wanafika pwani saa 4 asubuhi, siku ya mwezi mpevu, wanakuta boti imelala ubavu kwenye tope na nahodha amekaa kivulini anangoja maji. Barabara hawakuikosea. Walichokosea ni tarehe ya mwezi.

Ras Mkumbuu, Mtambwe Mkuu, Pujini na Chwaka ya Tumbe ni miji na ngome za watu walioishi kwa vyombo vya bahari. Walijenga pale ambapo jahazi lingeingia maji yakijaa na kukaa salama yakipwa. Anayeyaendea magofu hayo leo bila kujali kujaa na kupwa anapata taabu ambayo wenyewe hawakuipata. Kwa hiyo maji yapange kwanza, halafu ndiyo uangalie barabara, chakula na mahali pa kulala.

Hesabu ya maji

Huhitaji programu ya simu, ingawa ukiwa nayo itumie. Unachohitaji ni tarehe ya mwezi mwandamo na kanuni moja. Katika bahari yetu ya Unguja na Pemba, tarehe mosi na tarehe 15 za mwezi mwandamo maji hujaa kama saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa kama saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50.

Tuchukue mfano wa tarehe 8. Zimepita siku 7 tangu mwezi mosi, na 7 mara 50 ni dakika 350, yaani saa 5 na dakika 50. Maji yaliyojaa saa 10 alfajiri ile ya mwezi mosi, leo yatajaa kama saa 4 kasorobo asubuhi, na yatapwa kama saa 10 jioni. Tarehe 22 au 23 hali ni hiyohiyo. Ukihesabu mwezi kwa kalenda ya ukutani badala ya mwandamo ulioonekana, unaweza kukosea siku moja, nayo ni dakika 50. Acha nafasi ya saa nzima, usijibane.

Saa za maji ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili ni kimo. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mosi na mwezi 15 na siku moja au mbili baada yake, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Siku za maji mafu, karibu na tarehe 8 na 23, tofauti hiyo haifiki mita 2. Hapa ndipo panapoamua safari yako:

Ukitaka kwenda kwa boti Ras Mkumbuu na Misali, chagua maji mafu. Hata yakipwa, hayakimbii mbali, chombo kinaingia na kutoka mchana kutwa, na mkondo kwenye matumbawe unakuwa mpole kwa anayeogelea.

Ukitaka kuvuka kwa miguu kwenda Mtambwe Mkuu, chagua bamvua, ufike ukingoni saa 3 asubuhi wakati maji bado yanatoka, na uwe umerudi upande wa pili kabla ya saa 6. Maji ya bamvua yakianza kurudi hujaza mifereji ya mikoko kwanza, nyuma ya mgongo wako, huku wewe mbele bado unaona mchanga mkavu. Watu hukwama hapo kwa sababu hiyo. Usiende bila mwenyeji, na usiende ukiwa na watoto wadogo.

Upepo na mvua

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, si msimu wa magofu. Njia za udongo zinakuwa utelezi na majani yanapanda hadi kifuani, ukuta wa kimo cha goti huuoni hata ukiusimamia. Kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, hupiga kutoka kusini mashariki. Pwani ya mashariki inachafuka, lakini magharibi, ziliko Wesha, bandari ya Chake, na Ras Mkumbuu, kisiwa chenyewe kinakukinga. Misali iko nje zaidi, na siku ya kusi kali nahodha mzuri atakataa kwenda. Akikataa, mshukuru. Kaskazi, Desemba hadi Februari, ni wakati mzuri wa majani makavu na anga safi. Kwa anayeweza kuchagua, Januari na Februari kwa magofu, na siku za maleleji, kati ya kusi na kaskazi, kwa bahari.

Vuli hunyesha Oktoba hadi Desemba, aghalabu kwa mapigo mafupi. Haizuii safari, ila beba kitu cha kufunikia simu na mkoba.

Kufika na kuzunguka

Boti za kutoka Malindi, Unguja, hufika Mkoani, kusini mwa kisiwa. Siku na saa hubadilika, kwa hiyo kata tikiti baada ya kuuliza bandarini wiki ile ile, na uwe na kitambulisho. Mkondo wa kaskazini ya Nungwi huchafua tumbo hata la mzoefu: kula kidogo saa mbili kabla, kaa katikati ya chombo chini, tazama upeo wa bahari, usitazame simu. Chombo kilichojaa kupita kiasi usikipande hata kama tikiti umeshalipia. Zanzibar haijausahau Septemba 2011, ilipozama meli ya Spice Islander. Ndege kutoka Unguja hutua karibu na Chake Chake baada ya nusu saa hivi.

Fanya Chake Chake kituo chako. Kisiwa kina urefu wa kilomita 67 hivi, na Chake iko katikati: kilomita 30 hivi kwenda Mkoani, nyingine 30 hivi kwenda Wete. Gari za abiria zina namba, 603 ya Mkoani, 606 ya Wete, 602 ya Konde, lakini namba haikwambii gari litaondoka lini. Litaondoka likijaa. Asubuhi hujaa upesi, alasiri hukaa. Kwa sehemu za mbali na barabara kuu kodi bodaboda au gari kwa siku nzima, mkubaliane bei, mafuta na muda wa kungoja kabla hujapanda. Kungoja ndiko kunakoleta ugomvi: dereva anadhani utakaa dakika 20, wewe unakaa saa 2. Mwambie mapema.

Safari isipangwe Ijumaa mchana. Afisi hufungwa, walinzi wa magofu huenda msikitini, nawe pia una sala yako. Ramadhani unaweza kutembea, lakini chakula cha mchana hakuna, na kumchukua nahodha aliyefunga akuvushe juani siku kutwa si uungwana.

Ruhusa, ada na mambo ya heshima

Magofu yako chini ya idara ya serikali inayoshughulikia makumbusho na mambo ya kale, misitu ina idara yake, na Misali imo ndani ya eneo la hifadhi ya bahari la mkondo wa Pemba. Maana yake ni kwamba hakuna tikiti moja ya kila kitu. Anza Makumbusho ya Ngome ya Chake Chake siku ya kwanza. Ni jengo dogo, saa moja inatosha, lakini lina faida mbili. Utaona vigae, sarafu na michoro ya sehemu unazokwenda, hivyo ukifika porini utajua unatazama nini. Pia hapo ndipo pa kuuliza nani analinda gofu gani na wapi pa kulipia. Dai risiti kila unapolipa. Bila risiti, mlinzi wa pili anaweza kukutoza tena.

Kundi la wanafunzi wa skuli au madrasa, au mtu anayetaka kupiga picha za video kwa kazi, amuone kabla sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji husika. Dakika 10 za salamu na maelezo hukuokoa maswali ya kutwa nzima. Ndege ndogo ya kamera usiirushe bila kibali cha maandishi.

Halafu hili, ambalo wageni wengi hulisahau: magofu mengi ni misikiti na makaburi. Vaa kama unayekwenda ziyara. Toa salamu kwa waliolala pale. Ukikuta ubani, kitambaa chekundu, sahani ya udongo au sarafu karibu na mihrabu au kaburi, ni nadhiri ya mtu, usiguse wala usiitolee hotuba. Mkazi anayekuongoza huenda ana itikadi yake juu ya mahali hapo, na huenda hapendi kuulizwa mbele ya watu.

Vitu vya kubeba

Maji lita 2 kwa kila mtu, na zaidi kwa Misali kwa sababu usitegemee kupata ya kununua. Viatu vya plastiki vya kufungwa, vile wavaavyo wavuvi: kandambili hubaki kwenye tope la mikoko na mguu ukatoka peke yake, na ndani ya tope hilo kuna magome ya chaza yanayokata kama wembe. Suruali ndefu na soksi kwa ajili ya msitu wa Ngezi. Tochi. Fedha taslimu za noti ndogo, kwa kuwa mashine za benki ziko mijini na kijijini hakuna wa kukuchenjia noti kubwa. Fimbo nyepesi. Mfuko wa kurudisha taka zako.

Ras Mkumbuu

Hapa ndipo pa kutumia siku nzuri kuliko zote. Ras Mkumbuu ni ncha ya rasi ndefu na nyembamba iliyochomoza magharibi ya Chake. Mji uliokuwepo ulikuwa wa Waislamu wenye mali. Kuna gofu la msikiti wa Ijumaa wa karne ya 14, miongoni mwa mikubwa ya zama zake katika pwani hii, makaburi yenye nguzo, visima na misingi ya nyumba. Wapo wanahistoria wanaouhusisha mji huu na Qanbalu, kisiwa alichokitaja msafiri Al-Masudi aliyefika pwani yetu mwaka 916.

Njia ya nchi kavu ipo, kupitia Ndagoni, lakini ni mbovu na mwisho wake ni kutembea. Kwa boti kutoka Wesha ni bora zaidi, na utaukaribia mji kwa njia ya waliouishi.

Siku ya maji mafu, tuseme tarehe 8, ondoka Wesha saa 2 asubuhi. Maji yanajaa, yanakusogeza hadi karibu na mikoko, na jua bado liko chini. Hilo la jua si dogo. Kuta za matumbawe zikipigwa na jua la adhuhuri zinakuwa kijivu tupu, huoni kitu. Saa 3 asubuhi mwanga unatoka ubavuni, na kila alama ya tezo na kila ufa hujichora kivuli.

Ukishuka, usikimbilie nguzo za makaburi. Nenda kwanza kwenye msikiti, ukae upande wa kibla, utazame mihrabu kwa karibu. Jiwe la ukuta wa kawaida ni la kuchimbwa ardhini, gumu na lenye ncha, limepangwa ovyo ndani ya chokaa kisha likasiribwa. Mawe ya mapambo ni mengine. Ni matumbawe ya baharini yaliyokatwa yakiwa hai, laini kiasi cha kuchongwa kwa kisu, kisha yakaachwa yakauke yawe magumu. Yasogelee: utaona vitundu vidogo kama vya sega la nyuki, na juu yake mstari ulionyooka uliopitishwa na mkono wa fundi. Washa tochi ya simu uishike karibu na ukuta, mwanga uende sambamba na jiwe, usiumulike usoni. Mstari uliokuwa huuoni utatokea.

Kisha makaburi. Kwenye makaburi ya namna hii kote pwani yetu, mafundi waliacha vishimo vya duara kwenye nguzo na kuta za kaburi wakapachika bakuli na sahani za kauri kutoka China na Uajemi. Sahani zimebanduliwa, vishimo vimebaki. Ukimwonyesha mtoto vishimo hivyo na kumwambia kilichokuwemo, amefahamu biashara ya Bahari ya Hindi bila darasa.

Usipande ukuta, usiegemee nguzo, usivute mzizi. Chokaa ya miaka 600 imeliwa na mvua, na pengine kinachoshikilia jiwe juu ya jiwe ni ule mzizi wenyewe. Anayeung'oa kwa nia njema ya kusafisha huangusha ukuta. Vigae vilivyotapakaa chini viache vilipo. Kigae kinamweleza mtaalamu umri wa tabaka alilolikuta, na kikihamishwa hata hatua 10 kimenyamaza.

Misali siku hiyohiyo

Ukitoka Ras Mkumbuu kama saa 5, endelea Misali. Kutoka Wesha moja kwa moja ni saa moja hivi kwa boti ya mashine, na ukianzia rasini unapunguza. Utakuwa matumbaweni maji yakipungua kuelekea saa 10 jioni, na kwa kuwa ni maji mafu mkondo hautakusukuma.

Kisiwa hakina mji. Kuna msitu, mapango, mchanga, madago ya wavuvi, na miamba ya matumbawe ambayo mahali pengine huanza hatua chache tu kutoka ufukweni kisha ikaporomoka kwenye kina. Asiyejua kuogelea asivuke ule ukingo. Wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri alitaka msala wa kusalia, akasema kisiwa chenyewe ndicho msala wake, ndipo kikaitwa Misali. Wavuvi hukitumia kwa heshima hiyo, na tangu 1998 kimekuwa eneo la hifadhi kwa makubaliano nao: kuna sehemu ya kuvua na sehemu isiyoguswa.

Kasa na ng'amba hupanda kutaga. Ukiona mchanga umeburuzwa kama tairi la trekta kutoka majini kwenda juu, umeiona njia ya kasa. Usiikanyage, usichimbe kiota, na kama ni usiku zima taa. Ukiwa majini usisimame juu ya matumbawe, kwanza kwa sababu yanakufa, pili kwa sababu kati yake wamo wale viumbe weusi wenye miba mirefu, na mwiba wake huvunjikia ndani ya nyayo.

Kabla ya kuanza safari muulize nahodha mambo matatu, na umuulize kwa heshima: "Nahodha, maji yanajaa saa ngapi kesho? Tukirudi jioni, hapa pwani patakuwa na kimo cha kututosha? Na jaketi za kujiokolea ni ngapi?" Idadi ya jaketi iwe sawa na idadi ya watu, na ya mtoto iwe ya mtoto. Jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani akiingia majini. Ukiona nahodha anajibu la kwanza bila kufikiri na la pili kwa kutazama bahari, umempata mtu anayejua kazi. Kurudi, muwe mmeng'oa nanga kabla ya saa 10 na nusu, ili giza lisiwakute njiani.

Pujini, kwa Mkama Ndume

Pujini iko kilomita 10 hivi kusini mashariki ya Chake, na asubuhi moja inatosha. Ni ngome ya karne ya 15, kabla ya Wareno kufika, na ngome ya namna yake huioni mahali pengine pwani hii. Miji mingine ilijenga misikiti na nyumba. Mtawala wa hapa, Mkama Ndume, alijenga maboma. Jina lake hufasiriwa kuwa mkamuaji wa wanaume, na masimulizi yanasema aliwabebesha watu mawe huku wakijikokota kwa makalio. Watu wa Pemba hawajalisahau jina hilo kwa miaka zaidi ya 500.

Kosa la kawaida hapa ni kuingia katikati ya uwanja, kugeuka mara mbili, na kusema hakuna kitu. Kweli hakuna jumba lililosimama. Pujini inasomwa kwa kuizunguka. Anza upande wa bahari, ulikokuwa mfereji wa kuingiza vyombo hadi chini ya boma, siku hizi umejaa mikoko na tope. Simama pale, uigeukie nchi kavu, ndipo utaona kimo cha tuta na jinsi anayekuja kwa jahazi alivyofunguliwa mlango au kufungiwa. Kisha fuata tuta kwa nje hadi urudi ulipoanzia. Ndani nenda mwisho.

Ndani kuna kisima ambacho masimulizi yanakipa wake wawili wa mtawala. Ukuta uliwatenga wasionane: mmoja aliteka maji kwa ndoo na kamba, mwingine alishuka kwa ngazi. Kipo pia chumba cha chini ya ardhi ambamo waakiolojia walikuta siwa, pembe ya enzi, imefinyangwa kwa chokaa ukutani. Usishuke popote bila mlinzi. Kingo zimelegea, na majani hufunika shimo kama mkeka. Fimbo yako ni ya hapa: gonga mbele yako kabla ya kukanyaga, hukuonyesha shimo na humtanabahisha nyoka aondoke.

Kama umefika baada ya masika na majani yamejaa, bora urudi Chake, uje tena Agosti.

Kaskazini: Ngezi, Vumawimbi na Chwaka ya Tumbe

Siku hii haitegemei maji sana, inategemea kuamka. Toka Chake na gari la kwanza la Konde. Magari ya uhakika huishia hapo. Lango la msitu wa Ngezi liko kama kilomita 5 mbele, na bodaboda za Konde zinajua njia. Uwe langoni saa 1 na nusu asubuhi. Ukifika saa 4, ndege wamenyamaza na joto la msitu wenye unyevu limepanda.

Ngezi ni kipande kikubwa kilichobaki cha msitu uliokuwa umeifunika Pemba kabla ya mikarafuu, kiasi cha hekta 1,400. Usiingie bila mwongozaji wa msitu. Pamoja na kukuonyesha njia, anajua mvule upi una matunda wiki hii, na penye matunda ndipo penye ndege. Mwombe akuonyeshe mpapindi, mnazi-pori mwembamba wenye pete shinani, ambao asili yake ni Pemba. Kuna aina 4 za ndege ambao duniani kote hawapo ila Pemba na visiwa vyake vidogo: ninga, chozi, kinengenenge, na bundi mdogo wa Pemba. Watatu wa kwanza unawatafuta asubuhi. Bundi ni wa usiku, na matembezi ya usiku yanapangwa mapema na walinzi. Mnakwenda kimya, mnasikiliza sauti yake fupi, na tochi inamulika tawi, haimmuliki machoni.

Siafu ndio adui wa hapa. Ingiza suruali ndani ya soksi, na ukiwaona wamepanga mstari njiani uruke, usisimame kuwatazama.

Kutoka msituni endelea Vumawimbi, ufukwe mrefu wa upande wa mashariki. Duka hakuna, kwa hiyo nunua mkate, ndizi na maji Konde. Ukiwa na muda, mnara wa taa wa Ras Kigomasha uko kwenye ncha kabisa. Muombe mlinzi akupandishe, juu unaona kisiwa chote cha kaskazini na rangi tatu za bahari.

Wakati wa kurudi simama Chwaka, karibu na Tumbe. Yapo magofu ya msikiti na kaburi la Haruni, anayesimuliwa kuwa wa ukoo wa Mkama Ndume, na makaburi ya Wamazrui wa Mombasa waliotawala Pemba karne ya 18. Njia inapita katikati ya mihogo ya watu. Piga hodi kwenye nyumba ya kwanza, shikamoo kwa mzee utakayemkuta, uombe mtoto wa kukutangulia. Usikate shamba la mtu kwa kufuata ramani ya simu.

Kidike na Mtambwe Mkuu, kwa mwenye siku ya ziada

Kidike, kwenye njia ya zamani ya Wete, ndiko wanakolala popo wa Pemba, ambao mabawa yao yakikunjuliwa hupita mita moja na nusu. Waliwindwa hadi wakakaribia kumalizika, kisha wanavijiji wakaamua kuwalinda, na sasa wananing'inia kwa mamia juu ya miti. Nenda alasiri, ukae hadi karibu na magharibi waanze kuruka. Asikudanganye mtu kupiga makofi ili waruke: mama hubeba mtoto kifuani, na akishtuliwa mchana mtoto huweza kuanguka.

Mtambwe Mkuu, ng'ambo ya Wete, ndipo zilipopatikana zaidi ya sarafu 2,000 za fedha mwaka 1984, pamoja na dinari za dhahabu. Juu ya ardhi pameachwa kidogo sana. Kama hukuvutiwa na sarafu ulizosoma habari zake kwenye makumbusho, mvuko huo wa tope hautakulipa. Kama ulivutiwa, rudi kwenye kanuni ya bamvua hapo juu, usiibadili.

Karafuu

Ukipita msimu wa mavuno utakuta karafuu zimeanikwa kwenye mikeka kando ya barabara, na pengine juu ya lami yenyewe. Mwambie dereva apunguze mwendo na azikwepe. Ile ni ada ya skuli ya mtu. Usiokote hata konzi ya kuonja bila kuomba, na usinunue mfuko kwa mtu njiani: biashara ya karafuu Zanzibar hupitia shirika la serikali, na kubeba karafuu kwenye boti bila karatasi ni magendo, hata zikiwa kilo 2 za kumpelekea mama. Mafuta ya karafuu na makonyo, yaani vijiti vya karafuu, yaliyofungwa dukani, yenye risiti, hayana tatizo. Risiti hiyo iweke mfuko wa shati, kwa kuwa mizigo hufunguliwa bandarini Mkoani, na uwe umefika hapo saa 2 kabla ya boti kuondoka.